Vitambaa Vyenye Mikia: Kulaza Mashine za Boti Igombe

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaribishwa kwa ufagio. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, cheti kipo kwenye bahasha ya kaki, gauni nimelipiga pasi, na nilitarajia walau nipewe spana. Mkuu wa Karakana alikuwa Mhaya mrefu, mwenye ovaroli safi kuliko nguo zangu za kanisani. Alikitazama cheti changu mbele na nyuma, kama mtu anayekagua noti sokoni, akanirudishia.

"Shikamoo, Mkuu," nikasema kwa mara ya pili, maana ile ya kwanza hakuiitikia.

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Perpetua."

"Umekuja kutengeneza mashine, Perpetua?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Mwezi huu hapa hatutengenezi. Tunalaza. Fagia sakafu, halafu uniletee ulichookota."

Nikafagia. Nilimletea nati mbili, washa moja, kipande cha waya na kofia ya plagi iliyopasuka. Akauliza nimehesabu mara ngapi. Nikamwambia mara mbili. Mama yangu alikuwa muuza dagaa sokoni Musoma, na kwetu mtu anayehesabu makopo mara moja tu alikuwa anahesabia wengine faida. Mkuu akavitia vile vitu mfukoni, akasema, "Kesho njoo na ovaroli. Gauni litashikwa na kamba ya kuwashia utoke nalo nusu."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa katika karakana ya boti pale Igombe, kandokando ya ziwa, chini ya idara ya afya ya kanisa. Idara ilikuwa na boti chache za mbao za kizamani, zilizoundwa na mafundi waliokwisha kufa kabla mimi sijajua kusoma. Zilipeleka dawa na wahudumu kwenye zahanati za visiwani. Mwaka huohuo mdogo wangu Modesta, ambaye ni nesi, alipangiwa zahanati ya kisiwa cha Nyamasoro. Huko meli haikufika. Ilifika boti yetu moja iliyoitwa Pendo, na ikiwa Pendo haikwenda, hakuna kilichokwenda. Kwa hiyo tangu mwanzo kazi yangu haikuwa kazi tu. Kila boliti niliyokaza, upande wa pili wa maji alikuwepo mtu wa tumbo moja na mimi.

Vijana wa siku hizi wakisikia "kulaza mashine" wanacheka, kwa hiyo nieleze. Kuanzia mwezi wa sita upepo wa kusi hulichafua ziwa. Boti ndogo za mbao hazipendi mawimbi yale. Misumari inalegea, nyufa zinafunguka. Ndiyo maana kila mwaka tulizivuta nchi kavu mpaka upepo upungue kuelekea mwezi wa tisa. Maseremala walizichokonoa nyufa na kuziziba upya kwa pamba iliyoloweshwa mafuta. Pamba yenyewe tuliifuata Misungwi, kwa mkulima ambaye kila mwaka alianza na bei ya kunitukana nami nikaanza na bei ya kumtukana, kisha tukanywa uji pamoja. Boti zikiwa juu, sisi wa mashine tulizifungua zile injini zinazopachikwa kwenye ubao wa nyuma, tukazilaza.

Mkuu alikuwa na kitabu cha kiwanda, kimeandikwa huko nchi za baridi, kikiwa na sura nzima juu ya kuhifadhi mashine msimu wa barafu. Mafundi wengine waliiruka sura ile. Yeye aliisoma kama masomo ya Jumapili.

"Hawa," alituambia akigonga ukurasa, "wanaogopa maji yaliyobaki ndani yagande yapasue chuma. Sisi maji yetu hayagandi. Lakini someni vizuri. Pale wao walipoandika barafu, sisi tuandike kutu. Pale walipoandika theluji, tuandike nyigu."

Nyigu! Mtu wa mjini hawezi kujua. Kuna wale nyigu wa udongo wanaojenga vyumba vyao kwenye tundu lolote wanalolikuta kimya. Mwaloni, huko ufukweni tunakoegesha boti, pana udongo wa kutosha na mashine iliyosimama ina matundu ya kutosha. Ukiiacha wazi wiki chache unakuta kijiji kizima ndani, kimepigwa lipu na kukauka kama saruji. Mpaka leo nikiona nyigu anazunguka dirishani huwa namuuliza anatafuta chumba cha bei gani.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mashine inasimamishwa kwenye pipa la maji safi, inawashwa, inanywa na kujisafisha matope ya ziwani. Kisha unafunga petroli uiache iungurume mpaka iishe pumzi yenyewe, ili kabureta, kile kikombe kinachochanganya petroli na hewa, kibaki kikavu. Petroli ikilala humo inageuka gundi. Unafungua plagi, unamimina oili kidogo juu ya pistoni, unaizungusha kwa mkono taratibu ili ipake kuta, unarudisha plagi. Unamwaga oili ya gia iliyo mguuni. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia na mwaka huu una kazi. Ikitoka nyeusi na safi, shukuru Mungu, weka nyingine. Unapaka grisi. Unaisimamisha wima kwenye farasi wa mbao, ile stendi yake ya miguu minne. Usiilaze chali hata siku moja, ingawa tunasema tunailaza. Maji yaliyojificha mguuni yatateremka kichwani.

Mwisho kabisa ni kuziba matundu. Mashine ya Pendo ilikuwa na matundu manne ya kuzibwa: mdomo wa kabureta, tundu la moshi katikati ya propela, vitundu vya kuvutia maji pembeni mwa mguu, na kale kadogo kabisa ubavuni ambako mashine inakojolea. Samahani kwa neno, lakini ndilo la kazini. Mashine nzima, ikiwa inapoa vizuri, hurusha kijimkondo chembamba cha maji ubavuni. Ikikojoa, ni nzima. Isipokojoa, izime haraka kabla haijajichoma.

Kila tundu lilizibwa kwa kitambaa, na kila kitambaa kiliachiwa mkia mrefu. Mikia yote ilivutwa juu ikafungwa pamoja kwenye mkono wa kuendeshea, ili anayeiamsha asisahau kitu ndani. Vitambaa vilitoka kwenye mashuka yaliyochakaa ya hospitali. Juu ya hapo palikuwa na sharti moja lisiloandikwa popote: aliyeilaza ndiye aiamshe. Fundi mwingine haruhusiwi kugusa.

"Mashine iliyolala haina mdomo," Mkuu alisema. "Anayejua umeiwekea nini, na umekiwekaje, ni wewe."

Nikamuuliza, "Na aliyeilaza akifa?"

"Asife mwezi wa sita."

Mashine ya Pendo aliilaza mwenyewe kila mwaka. Mimi nilikabidhiwa nyingine, ndogo, na kwa muda mrefu nilifikiri anajipendelea. Baadaye nilielewa kwamba njia ya Nyamasoro ilikuwa ndefu kuliko zote na iliyo wazi zaidi kwa upepo, na kama kuna mashine ingezimika katikati, hakutaka iwe imefungwa na mkono anaoutilia shaka. Sikukasirika. Mdogo wangu alikuwa kule. Hata mimi nisingependa ifungwe na mimi wa miaka ile.

Nilihamishiwa Musoma kwa muda. Huko nilikuwa chini ya Msimamizi wa Bohari, mtu aliyetunza vipuri kama mahari ya binti yake. Ukienda kuomba plagi alikuuliza ya zamani imekukosea nini. Nilijifunza kwake kitu kimoja kikubwa, nacho ni kwamba ukitaka kimoja omba vitatu, ukae kwenye benchi usinyanyuke mpaka umepewa. Alikuwa akisema, "Perpetua, wewe si fundi, wewe ni dalali uliyepotea njia." Nilimjibu kwamba dalali angekuwa ameshapata asilimia yake. Siku ya kuniaga alinipa kipanka cha mpira, kile kinachopandisha maji kwenye mashine, kipya ndani ya karatasi yake. Sijawahi kupewa zawadi iliyomuuma mtoaji kiasi kile.

Nikarudi Igombe nikiwa msaidizi wa Mkuu. Na sasa nifike kwenye mwaka ule.

Ilikuwa katikati ya msimu wa upepo. Boti zipo juu, Pendo imezibwa upya na kurudishiwa rangi, mashine yake imelala kwenye farasi wake wa mbao. Mashine zangu mbili zilikuwa mezani zimefunguliwa matumbo, zinasubiri vipuri. Mkuu alipata msiba wa mama yake, akasafiri kwao Muleba. Asubuhi ya tatu baada ya kuondoka kwake, Modesta aliita kwa simu ya upepo. Enzi hizo simu za mkononi zilikuwa za wakubwa, na visiwani hazikushika.

Sauti ilikuwa ikikatika, lakini nilisikia vya kutosha. Surua ilikuwa imeingia kisiwa cha jirani na watoto wawili wamezikwa. Friji yake ya mafuta ya taa ilikuwa imekufa, na chanjo zote zilizokuwemo zimeharibika. Watu wa visiwa viwili hivyo walikuwa wakitembeleana kila siku.

"Dada," akasema, "Debora hajachanjwa."

Debora ni mtoto wake wa kwanza, ndiyo kwanza alikuwa ametimiza umri wa kuchanjwa. Nilikuwa nimemuona mara moja tu, amefungwa kwenye khanga kama mzigo wa dagaa.

Daktari wetu alikuwa mtu wa vitendo. Alipata chanjo hospitalini jioni ile, akaenda kiwanda kimoja cha samaki kuomba wamgandishie vipande vyake vya barafu kwenye friza yao, na kesho yake jua linachomoza alikuwa mlangoni mwa karakana, kisanduku cha baridi begani. Nahodha wa Pendo, Malima, Mjita mwenzangu, alishazunguka mwalo mzima kutafuta boti ya kukodi. Hakupata. Wavuvi walikuwa wamehamia dago, kambi zao za upande uliojikinga na upepo, na mitumbwi iliyobaki haikuwa na mashine.

"Kwa hiyo ni Pendo," Daktari akasema.

"Pendo ipo," nikamjibu. "Mashine yake aliilaza Mkuu."

"Iamshe."

"Aliyeilaza ndiye anayeiamsha, Daktari."

Akanitazama. Malima akanitazama. Hata mimi ningekuwa na kioo ningejitazama.

"Perpetua," Daktari akasema polepole, "Mkuu yuko Muleba anamzika mama yake. Nani mwingine ana mikono hapa?"

Nikavaa ovaroli.

Niliikagua ile mashine kama mtu anayenunua ng'ombe wa mtu asiyemwamini. Kwenye mkono wa kuendeshea palikuwa na mikia mitatu imefungwa pamoja kwa fundo la Mkuu, fundo lake la peke yake. Nikahesabu: mitatu. Nikarudia: mitatu. Fundo lilikuwa lake, nikaamini ndiyo yote aliyoiwekea. Nikavuta wa kwanza, kikatoka kitambaa cha kabureta. Wa pili, kikatoka cha propela, kikubwa kama taulo. Wa tatu, kale kadogo ka ubavuni. Nikaweka petroli, nikasafisha plagi, tukaisimamisha ndani ya pipa. Nikavuta kamba. Ikakohoa. Nikavuta tena, ikawaka, moshi wa oili ukajaa karakana nzima, na Malima akapiga makofi.

Haikukojoa.

Nikasubiri kidogo, mkono uko juu ya kifuniko. Chuma kikaanza kupata moto. Nikaizima.

"Mbona unazima?" Daktari akauliza. "Si imewaka?"

"Haipandishi maji."

"Inawezekana kale katundu tu ndiko kameziba?"

Swali zuri, na ndilo nililokuwa najiuliza. Nikachukua spoku ya baiskeli, nikaipitisha ubavuni. Ikapita bila kugusa kitu. Basi ubaya uko chini zaidi: ama kipanka cha mpira kimekufa kwa kulala, ama njia ya maji imeziba. Kukifikia kipanka lazima mguu ufunguliwe, na boliti za mashine ile zilikuwa na kutu ya kubembelezwa. Hiyo ni kazi ya kutwa.

Daktari alifungua kisanduku chake kidogo, akaingiza kidole, akafunga haraka. "Barafu hii itanifikisha mchana, zaidi ya hapo sijui. Na Malima anasema upepo."

"Jua likishapanda," Malima akasema, "ziwa litakuwa na mambo yake. Tukiondoka sasa tunawahi. Tukichelewa sana, tusiondoke."

"Basi twende hivyohivyo," Daktari akasema. "Tutaizima ikipata moto, ipoe, tuendelee."

"Utaizimia wapi, Daktari? Katikati ya mawimbi, boti igeuke ubavu? Chanjo zako zitamchanja sangara."

"Na nikibaki hapa zitamchanja nani?"

Hapo hapakuwa na ujanja wa sokoni. Mara zote nilizowahi kupatana bei, upande wa pili palikuwa na mtu anayeweza kupunguza. Barafu haipunguzi. Upepo haupunguzi. Nikaomba vitatu ili nipate kimoja.

"Nipe mpaka saa nne."

"Haiwezekani."

"Mpaka saa tatu."

"Perpetua."

"Chai moja. Muda wa mtu kunywa chai moja ya moto. Ikishindikana, nitaifunga mashine hii kwenye Pendo hivyohivyo, na mimi nitapanda na ndoo ya kuimwagia maji njia nzima."

Daktari akakaa juu ya kisanduku chake. "Chai moja," akasema. "Na iwe ya moto kweli."

Chai hasa ndiyo iliyokuja. Sista aliyesimamia dobi ya hospitali, jirani na karakana yetu, mwanamke mfupi mwenye hatua za askari, alikuwa ametuona tangu alfajiri, akatuletea birika na vikombe. Aliweka birika kwenye benchi, akaona vile vitambaa vitatu sakafuni, akavisukuma kwa ncha ya kiatu.

"Mashuka yangu," akasema. "Tazama mnavyoyafanya."

"Yalikuwa yameshachakaa, Sista."

"Kuchakaa ni katikati. Pembeni bado ni mazima. Yule Mkuu wenu anachana shuka bila huruma anaacha mkia mrefu hivi unaning'inia bure. Mimi mgonjwa wangu hana bendeji."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka chini.

"Sista. Wewe uliona mikia hii lini?"

"Wiki iliyopita. Nilipita kutafuta ndoo yangu, ambayo pia iko hapa."

"Ulikata?"

Akanyanyuka kidogo, kama mtu anayetetea mali halali. "Nilikata kipande kimoja tu. Hii mingine ilikuwa imejaa grisi, haifuliki. Ule mmoja ulikuwa msafi, nikaukata, nimeshaukunja kwa bendeji."

Ule mmoja ulikuwa msafi. Kwenye kabureta pana petroli na oili. Kwenye propela pana moshi na grisi. Ubavuni panachuruzika oili ya kichwani. Tundu pekee ambalo kitambaa chake kinabaki safi ni pale maji yanapoingilia, mguuni.

Mkuu alikuwa amefunga mikia minne. Mimi nilihesabu mitatu, nikarudia nikapata mitatu, nikajiona mwangalifu. Tulichofundishwa wote pale ni kuhesabu vitambaa. Hakuna aliyefikiria kwamba mkia unaweza kuondoka kitambaa kikabaki.

Tukainyanyua mashine kutoka kwenye pipa, tukaigeuza mguu uelekee mwangani. Nikainama mpaka pua ikagusa chuma. Ndani kabisa ya vile vitundu vyembamba palikuwa na kitu cha rangi ya kijivu kimelowa na kujikaza. Kidole hakikuingia. Bisibisi ilikisukuma ndani zaidi, nikaiacha haraka.

"Sogea," Daktari akasema.

Alikuwa ameshafungua begi lake. Akatoa koleo jembamba, refu, lenye ncha iliyopinda kidogo, akapiga magoti kwenye oili na suruali yake ya kijani.

"Hii ni kazi yangu ya kila wiki," akasema akichungulia. "Huko visiwani hakuna mtoto ambaye hajajitia harage puani. Siri ni kutolisukuma. Unalipita pembeni, unalikamata kwa nyuma. Tulia, mtoto, tulia."

Malima akasema, "Daktari anaongea na mashine."

"Naongea nanyi wote. Nyamazeni."

Akakivuta taratibu, kikanyooka, kikatoka chote. Kitambaa cha shuka, kirefu kama kiganja, pembeni kimekatwa kwa mkasi wa dobi, safi mstari mmoja. Sista akakitazama, akafanya ishara ya msalaba, akasema, "Nacho kingefaa." Kisha akaona nyuso zetu akaongeza, "Baada ya kufuliwa."

Tukairudisha kwenye pipa. Nikavuta kamba. Ikawaka mara moja. Sote wanne tukaukodolea macho ule ubavu, Sista naye akiwa na birika mkononi, kama watu wanaosubiri jina lao litajwe redioni. Kwanza likatoka tone. Kisha povu chafu. Kisha kijimkondo kikaruka, chembamba, kimenyooka, kikampata Malima kifuani. Hakusogea. Alisimama pale analowa na kucheka.

Daktari akainua kikombe chake akakinywa mpaka chini. "Bado ni ya moto," akasema. "Tumewahi."

Waliondoka. Mimi nilibaki, maana Pendo ikiwa na kisanduku, mafuta na watu wawili haikuhitaji fundi wa kuongezea uzito. Nilifagia karakana. Nilipomaliza nikaifagia tena. Upepo uliamka kama Malima alivyosema, na mchana kutwa nilisikiliza mawimbi yakipiga mawe bila kupenda hata moja. Hakuna kazi mbaya kama ya mtu aliyeshafanya yake yote.

Simu ya upepo iliita alasiri, jua bado liko juu. Haikuwa na salamu.

"Dada, Pendo imefika." Ikakatika, ikarudi. "Kisanduku kilipofunguliwa barafu ilikuwa bado inagongana ndani. Nimeisikia mwenyewe. Debora amechanjwa wa pili."

"Kwa nini wa pili?" nikauliza, maana ndiyo nilivyo.

"Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwenyekiti. Nimepatana naye, kanipa nafasi ya pili."

Huyo ndiye mdogo wangu. Nikaketi kwenye farasi wa mbao wa mashine ya Pendo, ambaye sasa alikuwa hana mzigo, nikalia kidogo, nikacheka kidogo, nikaenda kumrudishia Sista ndoo yake.

Malima na Daktari walirudi kesho yake asubuhi, wakaniletea kapu la furu, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa kutoka kwa watu wa Nyamasoro. Surua iligusa kisiwa kile lakini haikuzika mtoto hata mmoja. Sisemi ni sisi. Nasema tu ilikuwa hivyo.

Mkuu aliporudi kutoka Muleba, nywele zikiwa zimenyolewa kwa msiba, nilimweleza yote tangu simu ya upepo mpaka koleo. Alisikiliza mikono ikiwa nyuma. Nilingoja anigombeze kwa kuivunja kanuni yake. Alikwenda kwenye mashine, akaizunguka, akagusa tundu moja moja kwa kidole.

"Kwa hiyo tuhesabu matundu," akasema mwishowe. "Si vitambaa."

"Vyote viwili, Mkuu."

"Vyote viwili. Na Sista?"

"Anasema tutumie nguo ambayo yeye hataitaka."

Hilo lilitusumbua kidogo, kwa sababu Sista alitaka kila nguo. Suluhisho nililipata Usagara, pale njia panda, kwa muuza mitumba aliyekuwa na marobota ya fulana za kampeni zilizopita. Nilichukua za vyama vyote, bila upendeleo, kwa bei ambayo mpaka leo yule muuzaji akiniona anavuka barabara. Hakuna aliyewahi kuja karakana kutafuta bendeji kwenye fulana zile. Miaka mingi wagombea walioshindwa na walioshinda wamelala pamoja kwenye matundu ya mashine zetu, na hawakuwahi kufanya kazi nzuri kuliko hiyo.

Mkuu alistaafu, nikakalia kiti chake. Mambo yakabadilika. Mashine mpya hazichanganywi oili na petroli, hazitoi moshi wa kuangusha nzi, na zimekuja na vifuniko vya plastiki vya kuzibia. Boti nyingi sasa ni za faiba. Pendo bado ipo, ingawa imebadilishwa mbao mara nyingi hivi kwamba kilichobaki cha zamani ni jina na ubishi. Lakini upepo wa kusi haujabadilishwa, nyigu hawajasikia habari za teknolojia, na kila mwezi wa sita tuliendelea kulaza.

Ndiyo maana barua yangu ya kustaafu ilinikuta pabaya. Tarehe yangu iliangukia mwishoni mwa mwezi wa sita, na mashine ya Pendo nilikuwa nimeshailaza. Nikaenda kwa Afisa Utumishi.

"Mama Perpetua," akasema, "mtu akistaafu amestaafu. Hatuwezi kukuita tena kazini."

"Basi nisubirishe mpaka mwezi wa tisa. Nimelaza mashine tano, nitaziamsha tano, niende zangu."

"Haiwezekani kabisa."

Yeye alianza na haiwezekani, mimi nikaanza na tano. Tulipoachana tulikuwa tumekutana kwenye moja, nami nije kama mgeni, nisaini getini kama wageni wengine. Zile nne nilimkabidhi Mkuu mpya tundu kwa tundu, yeye akigusa kwa kidole chake. Ni fundi mzuri, mtulivu, ila ni mtu wa vifuniko vya plastiki, na vitambaa vyangu alivitazama kama mtu anavyotazama chakula cha nyumba ya wengine.

Mwezi wa tisa nilitoka nyumbani kwangu Mkolani, nikaenda Igombe. Modesta alikuja nami. Naye amestaafu siku hizi, anasema anakuja kuniangalia nisianguke, lakini najua alitaka kuiona Pendo. Debora hakuweza kuja, ana duka lake na wanawe, na kwa kupatana bei ameshanipita mimi na mama yake.

Niliivua mikia minne kwenye mkono wa kuendeshea. Nikavuta vitambaa vinne, nikavipanga sakafuni. Nikazunguka mashine nikagusa matundu manne. Nikarudia. Tukaisimamisha kwenye pipa, nikawasha, na Modesta akanishika mkono pale mashine ilipoanza kuunguruma, akiwa ameukazia macho ule ubavu.

Ikakojoa.

Nikaizima. Nikavikusanya vile vitambaa vya fulana, nikamkabidhi Mkuu mpya. Alivipokea kwa adabu. Akavihesabu, nikaona midomo yake ikitembea. Akavihesabu tena. Nikadhani ataviweka mezani na kuniaga. Badala yake aliinama, akaizunguka mashine polepole, akaingiza kidole tundu moja baada ya jingine, mpaka lile la mguuni.

Sikungoja amalize. Nilichukua mkoba wangu, nikasaini kutoka getini, nikaenda nyumbani.